Mweleze Mchukuzi Njia Yote

 

Ndugu wasomaji, makala ya juma hili yahusu jambo ambalo ni nadra kusikika katika darsa zetu, ijapokuwa limo vitabuni tangu kale: kuajiri watu wa kutuhamishia vyombo, hasa pale nyumba tunayoiendea iko mlimani, mahali ambapo gari halifiki mlangoni. Nalianza kwa kosa langu mwenyewe, kwani mwenye kuwausia watu huanza na nafsi yake.

Neno moja: "Inafika"

Dada yangu alikuwa amemaliza eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba ya kupanga mjini Voi. Marehemu mumewe, Mtaita wa Dawida, aliacha nyumba ya mawe juu ya Wundanyi, na warithi wakaafikiana kwamba mjane na watoto wake wahamie huko, kwa kuwa kodi ya mjini ilikwisha kumlemea. Mimi, nikiwa kaka yake mkubwa, nikachukua jukumu la kutafuta gari.

Nikaenda pale magari ya mizigo yanapoegeshwa, nikazungumza na dereva mmoja mwenye Canter. Akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza: vyombo ni vingi kiasi gani? Nikamjibu, ni vya nyumba ya vyumba viwili. La pili: barabara inafika mpaka nyumbani? Nikajibu, "Inafika."

Wallahi, nilijua kwamba haifiki. Nilikuwa nimekwenda huko kwenye matanga. Gari husimama kwenye barabara ya udongo, kisha kuna njia ya mguu ya takriban mita 400: inateremka hadi kijito, inavuka juu ya magogo mawili, halafu inapanda kati ya matuta ya mahindi na migomba mpaka uani. Lakini nilikuwa na shilingi 7,000 mfukoni, na nilihofia kwamba nikiieleza njia hiyo, bei itapanda. Nikajiambia kwamba tukifika, Mungu atafungua.

Tulichelewa kupakia. Tukapita Mwatate baada ya adhuhuri, tukapanda zile kona za Wundanyi taratibu, na tulipofika mwisho wa njia ya gari ilikuwa saa kumi alasiri na ukungu umeanza kushuka. Dereva akazima injini, akatazama kule chini kwenye kijito, akatazama nyumba ng'ambo, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Sheikh, ungeniambia."

Vijana wawili aliokuja nao walikuwa wa kupakia na kushusha, si wa kupandisha kabati kilimani. Wakashusha vyombo kando ya barabara kama tulivyopatana. Vijana wa pale kijijini wakaja kusaidia, nao wakataka malipo yao, na walikuwa na haki. Dada yangu akakaa juu ya godoro lililofungwa nailoni, mtoto mdogo mapajani, huku vyombo vyake vyote vikitazamwa na kila apitaye. Giza likatukuta njiani. Kijana mmoja aliyekuwa amebeba upande wa chini wa kabati la nguo akateleza penye magogo. Kioo kikapasuka, na kifundo cha mguu wake kikavimba mpaka hakuweza kukanyaga.

Usiku ule, baada ya isha, nilijiuliza: ni nani aliyemwangusha kijana yule? Si tope. Ni lile neno "inafika."

Vitabu vyetu vinasemaje

Kumwajiri mtu akubebee mzigo ni mkataba, na wanazuoni wanauita ijara. Haukuachiwa uende ovyo kwa sababu tu kinachohamishwa ni masufuria na vitanda. Sharti lake kuu ni kwamba manfaa yajulikane na ujira ujulikane. Kinachofichika kwa upande mmoja huufisidi.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho wengi wetu wa madhehebu ya Shafi tumekisoma kwa masheikh wetu, anaeleza kuhusu kukodi kwa ajili ya kubeba mzigo. Anasema kwamba mzigo sharti ujulikane. Ukiwapo, mchukuzi auone, na kama umo ndani ya chombo aujaribu kwa mkono wake. Usipokuwapo, ukadiriwe kwa kipimo au kwa uzani. Tena anataja kwamba kwa kawaida si lazima kumjua mnyama atakayebeba, maadamu jukumu limo katika dhima ya mwenye kukodisha, isipokuwa mzigo ukiwa ni kioo na mfano wake. Na wapo wafafanuzi walioiunganisha na hilo njia yenye tope.

Tazama, ndugu yangu, jinsi fiqhi ilivyo karibu na maisha. Kioo na tope! Hivyo ndivyo vitu viwili vilivyonifedhehesha mimi mlimani, na vilikuwa vimeandikwa zaidi ya miaka mia saba kabla sijazaliwa.

Juu ya hayo iko Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam, Allah amridhie, kwamba wenye kuuziana wakisema kweli na kubainisha hutiliwa baraka katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hiyo hufutwa. Mwenye kukodi gari naye ananunua: ananunua jasho na nafasi ya mwenziwe. Akificha njia, ni sawa na muuza samaki aliyefunika walioharibika kwa walio wabichi.

Milima haifanani

Wasomaji wetu wa Mombasa na Malindi huenda wakadhani Taita Taveta ni ile nyika kavu waionayo dirishani wakipita kwenda Nairobi. Voi yenyewe ni tambarare, na reli na barabara kuu zinapita pale. Lakini kilima cha Sagalla kinasimama upande wa kusini wa mji, Kasigau kiko peke yake mbali kidogo, na Dawida ndiyo milima mikubwa kuliko yote, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Huko watu wamejenga katika miteremko tangu enzi za mababu, kwa sababu juu ndiko kwenye maji, udongo mzuri na hewa ya baridi.

Barabara ya kutoka Mwatate hadi Wundanyi ina lami, nayo ni nzuri ingawa ni ya mikunjo. Shida huanzia pale unapoiacha lami. Njia nyingi za kwenda vijijini ni za udongo, nyembamba, upande mmoja ukingo na upande wa pili bonde. Mvua za masika na za vuli zikinyesha, udongo ule mwekundu huwa kama sabuni. Gari lililoshuka tupu asubuhi laweza kushindwa kupanda jioni.

Nasi watu wa pwani tusidhani kwamba hili ni la Wataita peke yao. Katika mitaa ya Lamu gari haliingii, na mizigo hubebwa na punda. Katika Mji wa Kale wa Mombasa kuna vichochoro ambavyo friji haipiti ila kwa kubebwa na hamali wawili walioelewana. Nani asiyejua kisa cha kitanda kilichogoma kupanda ngazi za ghorofa? Hukumu ni moja.

Itembee njia kabla ya kuita gari

Basi la kwanza ni kuitembea njia. Aende mmoja wa familia, kwa miguu, kutoka pale gari litakaposimama mpaka kizingiti cha nyumba. Ahesabu hatua. Aangalie mambo haya, na ayaandike:

Je, gari litapata mahali pa kugeuza, au litarudi kinyumenyume? Je, kuna daraja au magogo, na yanabeba uzito gani? Matawi ya miti yanashuka kiasi gani, maana Canter iliyopakiwa kabati juu ni ndefu? Mlango wa nyumba una upana gani, na kabati lina upana gani? Mvua ikinyesha usiku mmoja, njia huwaje? Jirani wa pale ataulizwa hilo, naye atakujibu bila kukuficha, kwani hana cha kupoteza.

Kisha piga picha kwa simu, umpelekee dereva. Siku hizi hatuna udhuru. Picha tatu zinatosha: gari litasimama wapi, njia ikoje, na nyumba iko wapi kutoka hapo. Na ukiweza, mlipie nauli yeye au msaidizi wake aende akajionee. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara.

La pili ni hesabu ya muda. Tuchukue mfano. Vyombo vya nyumba ya vyumba viwili vikifungwa vizuri vinaweza kuwa mizigo 60. Wachukuzi wakiwa 6, kila mmoja ana safari 10. Safari moja ya kwenda na kurudi mlimani ikichukua dakika 20, jumla ni saa 3 na dakika 20, bila kuhesabu sala wala pumzi. Aliyefika saa tatu asubuhi atamaliza karibu na adhuhuri. Aliyefika saa kumi alasiri, kama mimi, atamaliza gizani. Isitoshe, dereva naye ana safari ya kurudi, na katika barabara za karibu na Tsavo ndovu huvuka usiku. Kumchelewesha mtu mpaka usiku ni kumtia katika hatari ambayo hakukubaliana nawe.

Bei tatu, si moja

Ugomvi mwingi hutokana na kutaja bei moja kwa kazi tatu. Zitenganisheni. Ya kwanza ni ya gari: kutoka wapi hadi wapi. Ya pili ni ya kupakia na kushusha. Ya tatu ni ya kuchukua kutoka barabarani hadi ndani ya nyumba: watu wangapi, na watalipwa kwa mzigo au kwa siku. Semeni pia nani atatoa kamba na turubai, na gari likisubiri kupita muda mliopanga itakuwaje.

Yaandikeni. Katika Suratul Baqara Mola wetu ametuelekeza kuandika tunapokopeshana kwa muda maalumu, na kushuhudisha. Karatasi moja yenye majina, tarehe na bei haivunji udugu, huulinda.

Jambo jingine ni majirani. Mlimani watu ni wepesi wa kusaidiana, na kijana atanyanyua godoro kabla hujamwomba. Hiyo ni sifa njema. Lakini bainisha mapema: je, huu ni msaada au ni kazi? Aliyefanya kazi bila ujira kutajwa, wanazuoni wamekhitilafiana kama anastahili malipo ya mfano wake au hastahili kitu, na khitilafu hiyo yatosha kukuonya usiifikie. Ikiwa ni msaada, waandalie chai na mahamri na uwaombee dua. Ikiwa ni kazi, taja ujira kabla mzigo haujainuliwa. Na akina mama wanaobeba mizigo mgongoni au kichwani, ambao huko ni wengi, wapewe sawa na wanaume waliobeba mzigo ule ule.

Maneno kwa akina mama

Mama zangu na dada zangu, kazi ya kufunga vyombo mara nyingi ni yenu, na usalama wa mchukuzi huanzia mikononi mwenu. Mnacho kipimo mnachokijua vizuri kuliko mizani: mtungi wa maji wa lita 20, ambao ni kilo 20. Kila boksi liwe karibu na uzito huo. Vitabu na sahani viingie katika maboksi madogo, nguo na mito katika makubwa. Mtungi wa gesi ule mkubwa wa kilo 13, ukijaa, hukaribia kilo 28 pamoja na chuma chake. Ubebwe peke yake, ukiwa umefungwa barabara. Vitanda na makabati yafunguliwe, na skrubu zitiwe katika mfuko uliofungwa kwenye ubao wake. Kioo kitolewe, kifungwe kwa blanketi, na kisemwe kuwa ni kioo. Friji isafirishwe wima, na ikifika iachwe itulie kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Misahafu isitiwe chini ya vyombo. Mtu wa nyumbani aibebe mwenyewe. Dhahabu, vyeti vya watoto na hati za nyumba viwe katika mkoba wako, usiouacha. Nguo za ndani na vitu vya siri vifungwe mapema, kabla wanaume wageni hawajaingia. Na awepo maharimu siku hiyo, tangu mwanzo hadi mwisho, ili mama asilazimike kupatana bei na kundi la vijana barabarani peke yake. Mjane aliye katika eda naye asiharakishwe kuhama ila kwa dharura inayotambulika kisharia. Shemeji na ndugu wavute subira.

Aliyebeba ni binadamu

Njia hii ya kutoka pwani kupita nyika ya Taru hadi Taita na Taveta ilikanyagwa na wapagazi wa misafara kabla ya reli. Mzigo wa mmoja wao ulikuwa yapata frasila mbili, takriban kilo 32, na wengi wao walikuwa babu zetu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Nasi tunamwona kijana akipanda kilima na gunia la mahindi la kilo 90 mgongoni, tukasema, "Ana nguvu huyu, mashallah," na hatumpunguzii.

Mtume, sala na amani zimshukie, alikataza kumbebesha anayekutumikia asichokiweza, na akaamrisha kwamba ukimbebesha, basi umsaidie. Ni Hadithi ya Abu Dharr iliyomo katika Bukhari na Muslim. Tena ameusia kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na kuna onyo zito zaidi katika Sahihi Bukhari: miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Nani aweza kusimama mbele ya Hasimu huyo kwa ajili ya shilingi mia tano?

Ama chombo kikivunjika, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba mwajiriwa ana mkono wa amana: halipi isipokuwa amefanya uzembe au amevuka mpaka. Aliyeweka sanduku la chuma juu ya kioo alichoambiwa ni kioo, huyo amezembea. Aliyeteleza kwenye njia ambayo mwenye mali alimficha, sioni uso wa kumdai. Na akiumia, mpeleke akatibiwe, umwulize hali yake kesho yake na kesho kutwa.

Kwa upande wao, wachukuzi nao wana wajibu. Binti wa yule mzee wa Madyan, kisa chake kimo katika Suratul Qasas, alipomshauri babake amwajiri Nabii Musa alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Kupandisha bei katikati ya mlima kwa kuwa mjane hana njia nyingine si nguvu wala si uaminifu.

Nilivyorudi kwa dereva

Kijana aliyeumia nilimpeleka hospitali ya Wesu asubuhi yake, na alhamdulillahi mfupa haukuvunjika. Nililipa matibabu na siku alizokosa kazi. Kisha Ramadhani ikikaribia, nikaenda tena pale magari yanapoegeshwa. Nikamwambia dereva, "Nilikudanganya. Nilijua haifiki." Nikampa kile ambacho angelitaja kama ningelisema kweli. Alipokea nusu, nusu akanirudishia, akasema nimpelekee dada ununuzi wa futari.

Mwaka uliofuata dada alitaka kupandisha tangi la maji la lita 1,000. Safari hii hakunituma mimi. Alimpigia dereva mwenyewe, nami nimeketi kando nikisikiliza: "Kaka, gari litaishia kwenye mwembe. Hapo pana nafasi ya kugeuza. Halafu ni hatua mia sita, kuna kijito, magogo yamebadilishwa. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia hiyo siku, usije." Bei ikatajwa, ikawa kubwa kuliko ile niliyopatana mimi kwa vyombo vya nyumba nzima. Dada akaikubali. Wakaja saa mbili asubuhi na watu wanne na kamba ndefu, na kabla ya adhuhuri tangi lilikuwa mahali pake na kila mtu ameshika haki yake mkononi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika mikataba yetu, midogo na mikubwa, azitie baraka nyumba tunazohamia, na awahifadhi wanaotubebea mizigo. Amin.

Wabillahi tawfiq.